Kaskazini Yetu

Mgeni aliyepanga chumba kwa mama Aikande
alinionyesha kwenye simu taa za kwao:
anga limevaa kijani, linapepea
kama pazia la mlango uliosahauliwa wazi.
"Kaskazini kabisa," akasema. "Unangoja kwenye theluji,
vidole vinakufa ganzi, ndipo zinakuja."
Nikamjibu kaskazini yetu sisi ni mlima,
na theluji yake tunaiona tukianika nguo.
Akacheka. Alipoondoka aliniachia kitako cha kamera
cha miguu mitatu, mmoja kilema.

Mimi ni wa picha za pasipoti.
Ukuta wa buluu, nyoosha kola, usicheke,
nne kwa elfu tano, ngoja dakika kumi.
Sijawahi kupiga kitu
nisichoweza kukiambia inua kidevu.

Lakini wiki ile Ndekirwa, kitinda mimba wetu,
baada ya miaka sita ya mahema na majiko kichwani,
alipewa wageni wawili awafikishe kileleni.
"Saa sita usiku tunatoka Barafu," alisema.
"Ukitazama, tutakuwepo."

Nikapanda Uru. Umeme ulikatika tangu magharibi,
Moshi nzima chini yangu
jiko la mkaa lililomwagiwa maji.
Juu, Kilimia. Kati yao, mlima,
mweusi kuliko usiku unaoushika.

Mlinzi wa ghala la kahawa akaja na rungu na tochi.
"Unapiga picha nini?"
"Mlima."
"Mbona hauonekani?"
"Ndiyo."
Akanimulika usoni, akaimulika kamera,
akaona wazimu wangu hauumi mtu, akaketi.

Nusu dakika jicho la kamera wazi.
Nahesabu kimoyomoyo, sipumui.
Ya kwanza: giza. Ya pili: giza na umande,
nikafuta lenzi kwa upindo wa kitenge.
Mguu kilema nikauwekea ndala yangu.
Ya tano niliitikisa kwa kupiga chafya.
Ya saba: uzi.

Uzi mwembamba, rangi ya maziwa ya jana,
umetoka gizani unaingia gizani,
mshono wa fundi asiyetaka ujulikane.
Haukuwa kijani. Haukupepea.
Mlinzi akavua kofia. "Wale ni watu?"
"Ni watu."
"Saa hizi wanafuata nini?"
Nikajifanya nahesabu.

Na katikati ya uzi, doa moja,
kali kuliko mengine yote.
Nikadhani vumbi.

Ndekirwa alirudi Jumamosi, midomo imepasuka,
pua imebanduka ngozi. Akaisogeza picha
kwenye mwanga wa mlango, akaweka ukucha juu ya doa.
"Hapa mgeni wangu alikaa chini akasema basi.
Nikapiga magoti nikamfunga kamba za viatu,
taratibu, nikimsimulia yule ng'ombe wa mama
aliyekula shuka la mchungaji,
mpaka akasahau kulia."

Ndivyo kamera ilivyo usiku:
anayepita inamfifisha,
aliyetulia anamwaga taa yake yote mahali pamoja.

"Mlifika?"
"Yeye alifika, na mwongozaji mkuu.
Mimi nilishuka na yule wa pili. Alikuwa anatapika."
Akaomba chai. Akaomba na sukari zaidi.

Picha nimeibandika kati ya orodha ya bei na kioo.
Wateja hudhani ukuta umepata ufa,
wengine hujaribu kuugusa.
Siwaambii kitu.
Inua kidevu, nasema. Tulia.
Tulia hivyo hivyo.