Herufi Moja

Utsjoki, mwisho wa Novemba.
Jua linazama saa sita mchana.
Najua kwetu mtu ataisoma hii aulize nimekunywa nini.
Saa yangu, niliyofundishwa kuihesabu tangu jua lichomoze,
imekaa mkononi kama mgeni
asiyeonyeshwa pa kuketi.

Nina machweo elfu moja na mia mbili kwenye diski.
Valparaiso, mabati ya mlimani yakiwaka kama makaa.
Varanasi, moshi.
Santorini, ambako umati ulipiga makofi
jua lilipogusa maji, kana kwamba limefunga goli,
kisha wote wakageuka kutafuta chakula.
Kila moja nimelipa jina la mji wake,
utadhani kila mji unafuga jua lake uani.

"Utasimama hapo hadi lini?"
Ristiinna amelalia ubavu kwenye theluji, spana mkononi,
pikipiki yake ya theluji inavuja oili
juu ya weupe wote ule.
Haangalii kusini.
Maana huku, siku hizi, jua haliendi magharibi:
linachungulia kusini, linaona hali ilivyo,
linarudi lilikotoka.

"Hili ndilo la mwisho," anasema.
"Lingine katikati ya Januari."
Kwa sauti ya mtu anayetaja ratiba ya basi.

Betri nimezificha kwapani, nikiziatamia.
Likatoka.
Ukingo tu, ukucha wa kidole gumba juu ya kilima,
na waya za umeme zikipita katikati ya picha.
Nilibofya mara arobaini.
Kisha kilima kikawa kilima.

Sijapata kupiga picha mbaya kama ile.
Mwanawe, Áilu, wa miaka mitano,
alivua glavu, akapunga mkono mtupu
katika baridi inayong'ata hadi mfupa,
akaliaga jua kwa jina lake, kwa lugha yao,
halafu akakimbilia katuni.

Ndani, kahawa yenye vipande vya jibini
vinavyolialia kati ya meno.
Bibi yake, Ristiinna anasema, alikuwa akipaka siagi
kwenye mwimo wa mlango siku jua linaporudi,
lilambe, lipate nguvu.
"Nawe unapaka?"
"Siagi imepanda bei." Akacheka.
Akakoroga kikombe kisichohitaji kukorogwa.
"Kidogo. Kwa ajili ya mtoto."

Kisha: "Kwa nini machweo?"

Nikasema, rangi.
Ndilo jibu ninalotoa kwenye maonyesho, linatosha.
Sikumwambia kuhusu picha ya kwanza,
Lisboni, wiki ile baba alipokuja kunitembelea
na sanduku lililofungwa kamba.
Nililenga jua. Pembeni, kushoto,
liliingia bega lake, koti la kijivu, mshono umeachia.
Nililikata usiku uleule
ili upeo ukae sawa.
Miaka miwili baadaye nilirudi palepale na kamera bora.
Upeo ulikaa sawa.
Hapakuwa na bega la kukata.

Saa nane mchana, giza limeshatulia,
nafungua kompyuta niipe picha jina.
Safari hii si jina la mji. Naandika: machweo.
Lakini vidole bado ni vya mti,
herufi moja inaponyoka,
na kwenye kioo pamesomeka
macheo.

Naitazama.
Elfu moja na mia mbili, na sikuwahi kuona
kwamba lugha niliyonyonya imetenga mwisho na mwanzo
kwa herufi moja tu,
ile inayobana midomo kidogo
kama ya mtu anayepuliza mshumaa,
au anayepuliza kaa lishike.

Sikuirudisha.
Nje Ristiinna ananiita,
nikamshikie tochi.