Kisigino cha Soksi

Arjinini ina tahajia sita.
Sita, Kaarel, kwa kitu kilekile,
kama mtu mwenye majina sita:
uite lolote, atakuja mezani na kijiko chake.

Urve anasema haya akipangusa miwani.
Nje, mto Emajõgi umeganda mpaka kati;
ndani, chupa ya bakteria inatikiswa tangu juzi,
na jeni ya ndama tuliyowapa
haijatoa hata tone la kugandisha maziwa.

"Tumewaandikia AGG. Ng'ombe huisoma bila shida.
Hawa, wachukuzi wake kwao ni wa kuhesabu,
ribosomu inasimama, mkono umenyooshwa,
kama mimi kule Riga
nikiomba mkate kwa Kivõru."

Nani aliwapangia? Hakuna kikao kilichoketi.
Kosa la kunakili, hapa G, pale U,
miaka isiyo na kalenda.
Katika jeni za kazi ya kila saa
anayekawia kidogo huzidiwa uzao;
CGU ikabaki, wachukuzi wake wakaongezeka,
au wachukuzi ndio waliotangulia. Urve hajui.
Katika jeni za akiba, zinazosomwa siku ya njaa tu,
mwandiko ni wa ovyo. Hakuna anayesahihisha.

Basi nikabadilisha zote.
Kila neno nikaliweka la haraka.
Asubuhi protini ilikuwa tele,
tele na nyeupe, imejikunja vibaya,
imelala chini ya neli kama uji uliopoa.
Maziwa yalibaki maziwa.

Urve hakunicheka. Akatoa mkobani
soksi ya mjukuu, sindano tano, sufu ya kijivu.
"Mguu naufuma nikitazama televisheni.
Hapa,"
kidole kwenye kisigino,
"hapa naizima."

Tukarudi kwenye mfuatano.
Baada ya kipande cha kwanza,
pale mnyororo unapotaka kujikunja kabla ya kuendelea,
tukarudisha AGG moja. Moja tu.
Sijui kama ndiyo iliyotuokoa
au ni baridi ya chumba; mtu alisahau dirisha.

Alhamisi, saa nne kasorobo, maziwa yakaganda.
Urve akaonja kwa ncha ya kijiko, jambo lililokatazwa,
akatamka neno la Kivõru nisilolijua.
Kiestonia kinalo lake, bila shaka, jepesi zaidi.
Sikumwuliza.