Sentimita Ishirini za Hewa

Mashine ya ukutani tuliinunua kwa akiba ya miaka miwili:
kamera moja, maikrofoni tatu mezani
kama visahani vilivyolazwa kifudifudi,
na kioo cha kugusa kijuacho neno moja, Anza.
Nayo huanza, madhali mwaliko umetoka kwao.
Ukija na mwaliko wa jukwaa jingine
hukutazama kama bawabu asiyeliona jina lako.

Mimi Kuwabara, fundi wa kila chenye waya
katika kiwanda hiki cha sindano za cherehani, Ueda,
niliambiwa Jumanne: saa tatu usiku, wote wawili, pamoja.
Wawili ndio benki ya Osaka,
ambayo kwa usalama wake haipiti ila mlango huu,
na Bi Iracema Stumpf, mwenye viatu vyake Novo Hamburgo,
ambaye kampuni yake haipiti ila mlango ule.
Saa tatu yetu ya usiku, saa tatu yake ya asubuhi.
Benki haikopeshi bila kumsikia mnunuzi.
Meneja Shiozawa akanipa funguo: "Wewe unajua."

Sijui.
Nina kebo ya mita tano
inayoidanganya kompyuta yangu kwamba ukuta ni wake.
Ukiichomeka, ukuta husahau kabila,
huwa jicho na sikio la yeyote aliyeushika.
Lakini jicho moja haliazimwi na wawili.
Nikafungua majukwaa yote kwa pamoja,
chumba kikapiga yowe.
Sauti ya Shiozawa ilitoka, ikarudi,
ikajibishia hodi, ikajikaribisha,
ikajikuta imekaa tayari ndani,
hata Osaka wakavua visikilizi.

Saa tatu kasoro dakika sita.
Nikazima kila kilichojidai kina akili.
Ukuta nikauachia benki.
Stoo nikatoa kompyuta kuukuu, bawaba imelegea,
nikamweka Bi Stumpf humo,
kinywa cha spika kikielekea maikrofoni,
nikapima kwa rula yetu ya kiwandani.
Sentimita kumi: sauti inapasuka.
Arubaini: hawasikilizani.
Ishirini.
Chini yake nikaweka boksi la sindano namba kumi na sita.

Basi hawakukutana kwenye jukwaa lolote.
Walikutana katika hewa yetu,
hewa ya mafuta ya mashine
na tambi alizoziacha Shiozawa nusu bakuli.
Neno lilivuka bahari ndani ya waya,
likashuka, likatembea sentimita ishirini kwa miguu,
likapanda tena kwenda Osaka.
Tulikatazwa kukohoa.

Bei. Riba. Miezi kumi na minane.
Bwana Nishiwaki wa benki husema tarakimu,
na baina ya tarakimu hunyamaza.
Katika kimya kimoja kompyuta ikaanza kuchakarika,
kama mchele unaomiminwa juu ya bati.
Nikarukia kebo. Nikajua nimekwisha.

"Nini hicho?" akauliza Nishiwaki.
Mkalimani akaipeleka. Bi Stumpf akageuka, akacheka.
"Mvua. Tumeingoja wiki tisa."
Akageuza kamera yake kwenye dirisha.
Na ule ukuta, bawabu wangu,
uliofunzwa kumfuata asemaye,
ukatafuta sauti inatoka wapi,
ukapita uso wa Shiozawa, ukapita wangu,
ukaisogelea kompyuta kuukuu
mpaka mvua ikajaa skrini ya Osaka.

Nishiwaki hakusema tarakimu.
Alisema kwao Tottori jiko lilikuwa la bati,
na mama yake, ikinyesha,
alikuwa akipandisha sauti bila mwenyewe kujua.
Kisha akakohoa, akarudi kwenye riba,
akaishusha robo. Huenda alipanga hivyo tangu asubuhi.

Hakuna aliyeniuliza niliwezaje.
Walipoondoka nilibandika utepe mezani, vipande viwili,
huku na huku,
nikaandika kwa kalamu nene:
Hapa kati pasiwekwe kikombe.