Sweta Lililobaki Kitandani

Tulitoka Pasua saa moja asubuhi, Jumamosi,
mlima ukiwa wazi, umekaa juu ya bati la jirani
kama sufuria ya maziwa inayotaka kufurika.
Nsia akaupungia mkono: "Tusubiri, tunakuja!"
Ombeni, ambaye hajajua bado kutamka "mlima",
akapunga naye, andazi likamwanguka.

Gari si letu. Ni la kaka yake Elinami,
viti vinanuka mashudu ya alizeti,
dirisha moja hupandishwa kwa viganja viwili.
Nilikuwa nimepanga kila kitu:
chupa ya chai, mayai kumi ya kuchemsha,
chumvi kwenye kikaratasi, kanga mbili,
na ndoo ndogo kwa ajili ya matumbo.
Tulipoipita Rau njia ikaanza kupanda,
kona ya kwanza, kona ya pili,
ndoo ikapata kazi yake.

Hapo ndipo nikapekua mfuko.
"Sweta la Ombeni?"
"Si wewe uliyefunga mizigo?"
"Si nilikwambia, lile la bluu, kitandani?"

Basi.
Maneno ya sweta hayakuwa ya sweta.
Yalikuwa ya ada, ya Jumapili tatu asizokuwepo,
ya mama yangu kulazwa, na yeye kutuma pesa kwa simu
bila kutuma sauti.
Tuligombana kwa ule mnong'ono wa wazazi,
tukidhani watoto hawasikii kinachonong'onwa.
Kisha tukanyamaza hadi Uru.
Nilihesabu migomba. Nilipotezea hesabu kwenye mia mbili.

Juu, ukungu.
Tukaacha gari uani kwa shangazi yake,
tukafuata mfereji kwa miguu,
maji membamba, yana haraka, baridi ya kung'ata.
"Mama, mlima umeenda wapi?"
"Tuko juu yake."
Nsia akatazama chini, akainua mguu mmoja taratibu,
akaangalia kama ameukanyaga vibaya.

Ombeni nikambeba mgongoni kwa kanga,
ile yenye maneno ambayo siku hiyo
sikutaka kuyasoma.

Mpakani mwa kihamba Nsia akachuma jani la sale,
refu, la kijani kibichi, likawa upanga.
Akapigana na mgomba, mgomba ukashinda.
Nikamenya mayai. Mikono yake miwili ikahitajika.
"Baba, nishikie."

Mimi ni wa Singida, kwetu mlima ni mawe.
Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa mama mkwe alinifundisha:
akija mtu na sale mkononi,
huulizi gharama, hukatai.
Elinami hakuhitaji kufundishwa. Alizaliwa huko huko.
Akalitazama lile jani
kama mtu aliyekabidhiwa samansi barabarani.
Angeweza kulitupa mferejini.
Akalipiga fundo,
akaja kwangu, ganda la yai limemganda kidoleni,
akalinyoosha. Hakusema kitu.
Sikusema nimesamehe.
Nilisema, "Chumvi umeiweka wapi?"
na jani nikalipokea.

Usiku tulilala wanne kitanda kimoja,
tumbo limejaa mtori wa shangazi,
migomba ikidondosha maji mpaka alfajiri.
Ombeni alivaa koti la baba yake, mikono ikiburuta,
akakataa kulivua hata Jumapili,
hata tuliposhuka na jua likarudi,
hata tulipofika nyumbani, sweta la bluu
bado limetandaza mikono kitandani,
na nje, juu ya bati, mlima wote.
"Mima," akasema Ombeni.
Nsia hakuupungia. Alikuwa amekasirika:
"Kumbe ulikuwa huku!"

Jani tulilisahau garini.
Jumatatu kaka yake Elinami alipiga simu,
sauti imemlegea kidogo:
"Nimelikuta hapa kwenye kiti. Sikilizeni, yameisha,
mimi nimesamehe.
Ila niambieni basi,
mmenikosea nini?"