Huo wa Kufungia Mbuzi

Mwalimu Hisae alipomaliza miaka yake miwili
ya kutufundisha fizikia pale Changarawe,
alituachia baiskeli, sufuria mbili,
na kisanduku chembamba, kirefu kama bomba la moshi.

Ndani mlikuwa na mti.

Umeviringishwa kama mkeka wa mgeni aliyeghairi kulala.
Baba akaukunjua mezani, juu akauwekea randa, chini futikamba,
na mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu,
ukatembea juu ya karatasi bila kuigusa.
"Paina," akasema.

Kamusi ya shule huuita msonobari,
lakini Mafinga nzima hatuna msonobari hata mmoja.
Tuna paina:
paina ya mbili kwa nne, paina ya moja kwa nane,
paina ya nguzo, ya kuni, paina ya ada ya muhula wa pili.

Akaukagua kama anavyokagua kitalu cha mnada.
Shina limepinda mara tatu.
Tawi moja limeshuka
kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.
Mafundo kila mahali.
"Huu hautoi hata ubao mmoja.
Aliyeuacha ukazeeka hivi
hakuwa na deni."

Mti hauendi ila kwa nyenzo: hilo alilijua
kwa mabega, kwa mitaimbo, kwa vile vidole viwili.
Huu umevuka bahari ndani ya begi la mwanamke mwembamba.
Nadhani hilo ndilo lililomkera.

"Na mbona hakumaliza? Nusu nzima tupu."

Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa Juni,
ukungu umeimeza Kinyanambo pamoja na mnara wa simu,
na dirishani kwetu miti ya serikali
ilianza, ikakatika,
ikaanza tena mahali pengine.
Baba akatazama dirisha. Akatazama karatasi.
Akamalizia ulanzi wake. Swali hakulirudia.

Mimi nikaleta habari ya wino,
jinsi Mwalimu alivyonieleza: kwao wino huu ni masizi,
masizi ya paina yenyewe, ichomwayo polepole,
yakakandwa kwa gundi ya ngozi.
Mti umechomwa ndipo ukachorwa.
Mama akaangua kicheko, akainua macho
kwenye makenchi ya jiko, yanayong'aa
weusi wa miaka kumi na tisa:
"Kumbe nina msitu mzima humu,
nimekosa tu wa kuuchora!"

Akautundika yeye mwenyewe,
msumari wa inchi sita, kati ya kalenda ya SACCOS
na picha ya kipaimara cha Tulizo.
Mwalimu alituagiza: utundikwe kwa msimu,
kisha ukunjwe, upumzike.
Nyumbani kwetu nani aliwahi kupumzika?
Ukakaa. Moshi ukauzoea.
Unyevu ukala pembe moja.
Na mwaka ule wa moto wa Septemba,
tulipolala siku nne na ndoo mlangoni,
majivu yalipenya chini ya bati
yakatua kwenye ile nusu tupu,
vidoa vidogo, ndege wa mbali.
Hatukuyafuta.

Mwaka jana Chengula wa Makambako alikuja na lori
kununua shamba letu, miti ikiwa imesimama.
Akahesabu mia mbili na kumi na mmoja.
Baba akasema mia mbili na kumi.
Wakarudi, wakahesabu pamoja, kwa chaki.
Ukabaki ule wa ukingoni,
uliopindishwa na upepo wa bondeni,
umeinamia mfereji, tawi moja chini.

"Na huo?"

"Huo wa kufungia mbuzi."

Hatujawahi kufuga mbuzi.