Ukuta Mkavu

Mimi ndiye niliyemfelisha Eluned Prydderch.
Mara tatu. Naandika hili bila kujificha.
Kalamu ni ileile, daftari ni lilelile,
na mvua ya Wales dirishani ni ileile,
haina haya, haina likizo.

Mtihani wenyewe ni huu: unapewa mita mbili na nusu
za ukuta wa kale wa mawe, usio na saruji wala udongo.
Unaubomoa mpaka msingi, kisha unaujenga upya.
Una saa saba, nyundo moja, kamba mbili, na mikono yako.
Mimi nasimama kando na saa yangu,
kondoo wanatazama kama mashahidi waliolipwa.

Alikuja kwanza akiwa na miaka hamsini na mitatu.
Benki ya mjini ilikuwa imefungwa,
yeye na dawati lake wakatolewa nje siku moja.
Vidole vyake vilikuwa vya kuhesabu noti;
vilijua karatasi, mawe hayakuvijua.
Ukuta wake ulipendeza, sisemi uongo,
umenyooka kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.
Nikaupiga teke moja la tumbo.
Ukajibu kama debe tupu.

"Ndani," nikamwambia. "Umesahau ndani."
Maana ukuta wa namna hii ni kuta mbili zinazoegemeana,
na katikati yake ni kokoto ambazo hakuna atakayeziona,
zinazopangwa mojamoja kwa mkono,
hazimwagwi kwa koleo.
Yeye alikuwa amemwaga.

Mara ya pili alizipanga. Akasahau jiwe refu
linalopenya kutoka uso huu hadi uso ule,
lile linalozifunga kuta mbili kama kiapo.
Nikaandika: Hapana.
Hakulia. Aliomba chai, akainywa wima,
akaniuliza jiwe hilo likae kimo gani.
Nikaonyesha goti langu.
Akacheka: goti langu si goti lake.

Majira ya baridi yale, nyuma ya nyumba,
alijenga ukuta usiozuia chochote.
Akaubomoa. Akaujenga. Majirani wakashusha mapazia.
Emrys, mumewe, alihesabu hadi mara kumi na tisa,
kisha akachoka kuhesabu,
akaanza kumsogezea mawe.

Wahenga walitutisha: usipoziba ufa utajenga ukuta,
kana kwamba kujenga ni adhabu.
Hawakumwona mama huyu akiutafuta ufa
gizani, kwa ncha za vidole, kwa hamu.

Mara ya tatu iliniuma mimi kuliko yeye.
Imebaki saa moja, jiwe la safu ya pili likatikisika.
Sikuliona. Hakuna ambaye angeliona.
Akanitazama. Akaitazama saa.
Akabomoa hadi kwenye jiwe lile.
Muda ukaisha ukuta ukiwa nusu.
Sheria ni sheria; nikaandika tena Hapana,
na kalamu ilikuwa nzito kuliko nyundo yake.

Ya nne alifaulu. Sina la kusema juu ya hiyo.
Aliyefaulu hana hadithi, ana cheti,
na chake kililowa kabla hajafika garini.

Lakini Jumapili moja ya Machi, nikipita malishoni kwa Tegwyn,
nilimwona peke yake kwenye ule ukuta wa kwanza,
ule wa debe tupu, ambao kondoo waliuangusha zamani.
Hakuna aliyemtuma. Hakuna saa, hakuna daftari.
Alikuwa amepiga magoti, ameshika kokoto moja
ndogo kuliko yai la njiwa,
akiigeuza upande huu, upande ule,
akiitafutia mahali ambapo jicho halitafika.

Nikazima injini, nikateremsha kioo.
Ningeweza kumpungia mkono.
Nikasikiliza tu:
tak.
Kimya kirefu.
Tak.