Moto Huzaa

Wahenga walisema moto huzaa majivu,
wakimcheka mwana wa shujaa aliyetoka goigoi.
Wakanyamazia hapo.
Hawakupanda kilima cha Psilorahi, kaskazini mwa Evia,
nyuma ya Thrasivulos, mgema wa misonobari,
asubuhi ile buti zake zilipozama
hadi vifundoni katika uji mweusi.

Mwezi Julai alikuwa na miti elfu mbili na mia tatu.
Aliijua mmoja mmoja:
huu mkarimu, huu mchoyo,
huu babu yake aliutia jeraha la kwanza
kwa tezo hii hii inayoning'inia kiunoni,
haina kazi sasa, kama ufunguo
wa nyumba iliyobomolewa.

Usiku ule walisimama ufukweni, maji magotini,
mbuzi wa Kiriakula wakikohoa kama watu.
Mlima ulipasuka: ta, ta-ta, ta.
Mifuko yangu ya utomvu hiyo, alisema.
Haikuwa mifuko tu.
Yalikuwa yale matunda magumu, mafundo ya mbao
yaliyofumba midomo kwa ulimbo mwaka hadi mwaka,
yakikataa jua, yakikataa kindi,
yakingoja joto la kuua.
Mbegu zenye bawa moja, nyepesi kuliko kope,
zilipaa na moshi, zikatua
juu ya jivu lililokuwa bado vuguvugu.
Hakuna aliyeziona. Kila mtu alitazama paa lake.

Kabla ya mvua, wagema waliukata msitu waliougema.
Wakalaza magogo meusi, yakakingama mteremko,
udongo usishuke baharini bila kuaga.
Masizi puani, masizi kwenye mkate.
Mazishi gani haya, alisema mmoja,
maiti ndiye anayemshikilia mfiwa asianguke.

Kisha Melpo, mjukuu, miaka tisa, akachutama:
Babu, mlima umeota nywele.
Nyuzi za kijani, sita, saba kwa shina,
na juu ya kila kichwa, kofia:
ganda la mbegu lililokuwa bado halijavuliwa.

Akaja bwana wa Wizara, na ramani,
na miche kwenye trei za plastiki.
Tupande wapi? aliuliza.
Thrasivulos alimtazama miguuni.
Ukitaka kutusaidia, ndugu, simama hapo hapo.

Kiriakula aliwafungia mbuzi wake zizini,
akakopa nyasi kavu mjini,
na majira yote ya baridi hakumwamkia mgema.
Naye mgema hakumlaumu.
Mizizi ya mwaloni ilikuwa imechipua pembeni,
laini, tamu, na mbuzi waliinusa kutoka mbali.

Msonobari hugemwa ukitimiza miaka thelathini.
Yeye ana sitini na mmoja.
Alianza kuhesabu kwa vidole,
akaurudisha mkono mfukoni.
Melpo anasema atakuwa daktari wa meno.
Hata hivyo jioni ile aliinoa tezo,
akaipaka mafuta, akaifunga kwa kitambaa.

Moto huzaa majivu, sawa.
Ila nani alikaa kungoja
aone majivu yatazaa nini?

Walishuka wakikanyaga magogo tu,
mzee mbele, mtoto nyuma,
taratibu, bila kusemezana,
kama watu wanaotoka chumbani
mtoto mchanga akiwa ndiyo kwanza amelala.